RIZKI YA MKONO: NGOZI, MSHARASI NA MPINI

Khutba ya kwanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akampa viganja viwili na vidole kumi, akamfundisha yale asiyoyajua. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajilinda kwake na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia sisi wenyewe na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu ni mtu kuliangalia tonge analolitia kinywani mwake: limetoka wapi, na limechumwa kwa mkono gani.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi akina mama na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, leo tumekusudia kusema juu ya kazi za mikono, na hasa kazi ya ngozi na vyombo vyake. Huenda mtu akauliza, je, mimbari ni mahali pa kutaja viatu, misharasi na visu? Jawabu letu ni kwamba Qurani yenyewe imezitaja kazi hizi. Katika Sura ya Saba tunaelezwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyomlainishia Nabii Daudi chuma, akamwamrisha kufanya deraya kamili na kupima vizuri pete zake. Nabii Nuhu aliamrishwa kuunda jahazi kwa mkono wake. Na katika Sura ya Nahl Mwenyezi Mungu anatuhesabia miongoni mwa neema zake ngozi za wanyama, ambazo watu hufanyia mahema mepesi ya kuchukuliwa safarini. Basi kitu alichokihesabu Mola kuwa neema, mja hana ruhusa ya kukihesabu kuwa taka.

Enyi Waislamu, sikilizeni habari aliyoipokea Abu Daudi kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume wetu (s.a.w.) akiomba. Mtume akamwuliza kama hana kitu chochote nyumbani kwake. Akajibu kwamba ana nguo nzito moja, upande huivaa na upande huitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaamrisha viletwe, akavishika mkononi, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza mara mbili au tatu ni nani atakayezidisha, hata mwingine akatoa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari fedha ile, akamwambia kwa moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume (s.a.w.) alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwamrisha aende akate kuni auze, wala asimwone kwa siku 15. Mtu yule alirudi na dirhamu 10, akanunua nguo na chakula. Mtume akambainishia kwamba hayo ni bora kwake kuliko kuja Siku ya Kiyama na alama ya kuomba usoni mwake.

Tuizingatie habari hii. Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa na uwezo wa kumwombea mtu yule sadaka kwa masahaba, nao wangetoa. Lakini sadaka ingemshibisha siku moja, na siku ya pili angerudi palepale. Basi alimpa chombo cha kazi. Wala hakuona kuwa ni kazi ndogo isiyomstahili yeye, bali aliutia mpini kwa mkono uleule uliokuwa ukiinuliwa kwa dua. Ni nani basi miongoni mwetu, awe mwenye elimu au mwenye cheo, atakayesema kuwa mkono wake ni mtukufu hata usishike mpini?

Kadhalika tumepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume alikuwa akishona nguo yake na akitengeneza kiatu chake kilipokatika. Na katika wakeze, Mama wa Waumini Zainab binti Jahsh (r.a.) alikuwa fundi wa ngozi. Alikuwa akizitengeneza ngozi, akizitoboa na kuzishona, na pato lake akilitoa sadaka. Imesimuliwa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume aliwaambia wakeze kuwa atakayetangulia kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wakipima mikono yao. Alipofariki Zainab, katika mwaka wa 20 wa Hijra, ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa si wa mfupa, bali ni wa kazi na sadaka. Enyi mabinti zetu, mnaodhani ya kuwa kazi ya ngozi ni ya wanaume masikini, kumbukeni mkono huu.

Sasa tutakusimulieni jambo lililotupata sisi wenyewe, wala hatuoni haya kulisema hapa, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Miaka kadha iliyopita tulikuwa tukisomesha chuoni. Siku moja tuliwauliza watoto kazi za baba zao. Wa kwanza akasema babake ni karani, wa pili baharia, wa tatu ana duka. Ilipofika zamu ya mtoto mmoja aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Babangu mfanyabiashara, Maalim." Wenzake wakacheka, kwani walijua kwamba babake hushona viatu chini ya mwembe karibu na soko. Nasi, badala ya kuwakanya, tulitabasamu. Na mtoto akaliona tabasamu letu.

Baada ya siku tatu yule baba alikuja chuoni, baada ya sala ya alasiri, amechukua kitu ndani ya kitambaa cheupe. Akakifunua, kumbe ni Msahafu wa chuo, ambao jalada lake lilikuwa limepasuka na kurasa zimelegea, tuliokuwa tumeuweka kando tukingoja fedha za kununua mwingine. Mwanawe alikuwa ameuomba kwa msaidizi wetu. Baba alikuwa ameshona upya mgongo wake, akautia jalada la ngozi ya mbuzi, na mishono yake imekwenda sawa toka juu hadi chini. Tukamwuliza ujira wake. Akasema, "Hii ni sadaka ya mwanangu, Maalim. Ila naomba, ikiwa si uzito, wenzake waambiwe ni nani aliyeushona."

Siku ya pili tuliwakusanya watoto, tukawaonyesha Msahafu, tukawaambia ni nani aliyeushona. Kisha tukamwomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake. Hatukuweza kulifuta lile tabasamu, lakini tulijifunza. Ndugu zangu, kila tunapoicheka kazi ya halali, tunamfundisha mtoto mmoja kumwonea haya babake, na kesho mtoto huyo ataona afadhali akae barazani mikono mitupu kuliko kuonekana ameshika nyundo.

Wala kazi ya jalada lile haikuwa jambo geni kwa watu wa pwani yetu. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, upande wa kaskazini wa Lamu, palikuwa katika karne ya 19 na mafundi mashuhuri. Walikuwako wafumaji, wachonga milango, wahunzi, na wanakili wa Misahafu. Na walikuwako mafundi wa ngozi walioshona viatu na mishipi. Misahafu iliyoandikwa Siyu kwa mkono, yenye mapambo ya wino wa rangi, ingali imehifadhiwa hata leo. Katika mji ule mmoja mtu aliweza kumpata anayeandika neno la Mungu na anayeshona makubadhi ya kwenda nayo msikitini, wala mmoja hakuwa na haja ya kumdharau mwenzake.

Enyi Waislamu, ni wajibu wetu pia kuzijua hukumu za jambo hili. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) imesimuliwa kwamba mwanamke aliyekuwa mtumwa wa Bibi Maimuna, kisha akaachwa huru, alipewa mbuzi wa sadaka, na mbuzi yule akafa. Mtume (s.a.w.) akapita, akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidibaghi na kunufaika nayo. Wakasema kwamba ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla tu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, ngozi ya mnyama wa halali aliyechinjwa kisharia ni tohara yenyewe. Na ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Lakini kuianika juani au kuipaka chumvi peke yake si kuidibaghi, kwani ikirowana uvundo hurudi. Hapana budi itiwe kitu kikali cha kukamua unyevu na mabaki, mfano wa maganda ya komamanga au magome ya miti, kisha ioshwe kwa maji.

Wazee wetu walizijua dawa hizo. Magome ya mikoko yalisafirishwa kutoka Rufiji na Lamu kwenda ng'ambo kwa kazi hiyohiyo, na miwati iliyopandwa katika nyanda za juu, kama vile Njombe, ilipandwa kwa ajili ya magome yake. Ndani ya magome hayo mna kitu kiitwacho tanini, ambacho hushikamana na nyuzi za ngozi hata ikawa haiozi tena.

Mwendo wa kazi yenyewe ni huu. Ngozi hukunwa mabaki ya nyama na mafuta mara tu baada ya kuchunwa. Kama haianzwi kazi siku ileile, hupakwa chumvi kiasi cha thuluthi moja ya uzito wake, ikalazwa kivulini, upande wa nyama juu. Ikifika wakati wa kutengenezwa huoshwa, hurowekwa katika maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee, hukwanguliwa, na kuoshwa tena vizuri chokaa chote kitoke. Kisha hutiwa katika maji ya magome, kwanza mepesi, halafu mazito zaidi na zaidi, kwa muda wa majuma na hata miezi ikiwa ni ngozi nene ya ng'ombe. Mwenye haraka akianza na maji mazito, upande wa nje hukaza na ndani hubaki mbichi. Mwisho hupakwa mafuta, hukandwa, na kukaushwa kivulini. Subira ni nusu ya kazi hii.

Ama vyombo vya kazi, msiseme, "Tungefanya, lakini hatuna fedha ya kununulia." Fundi wa kwanza wa ngozi hakukuta duka. Vyombo vinavyotosha kuanzia ni vichache: kisu, msharasi wa kutobolea, sindano mbili, nyundo ya mti, kinoo, na donge la nta ya nyuki. Vingi katika hivyo mtu aweza kujifanyia mwenyewe kwa vitu vilivyotupwa.

Tutwae msharasi. Tafuta tupa nyembamba iliyokwisha meno. Itie katika moto wa makaa mpaka iwe nyekundu, kisha ifukie katika majivu ya moto ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi utaiona imelainika. Ichonge kwa tupa nyingine nzima, iwe nyembamba kuelekea ncha, ukiipa pande nne ili itoboe bila ya kuchana. Kisha itie ncha yake motoni tena mpaka iwe nyekundu na sumaku isiikamate, uitumbukize mara moja katika mafuta. Sasa ni ngumu sana, lakini usiifurahie bado, kwa sababu chuma kilicho kigumu namna hii huvunjika kwa pigo dogo. Isugue ing'are, uikaribishe na moto kidogo kidogo mpaka ing'ae rangi ya majani makavu, kisha uiache ipoe. Hapo ugumu na ustahimilivu vimekutana. Na kwa kisu, kipande cha msumeno uliochakaa chatosha. Watoto wasifanye kazi hii ila mbele ya mkubwa, na macho yalindwe na cheche.

Linabaki suala la mpini. Chukua kipande cha mti mgumu uliokauka vizuri, ukitoboe katikati, ukitie shina la chuma likaze. Kisha uchonge mpaka ukilale vizuri kiganjani mwako. Dukani mna mipini mingi, lakini hamna hata mmoja uliopimwa kwa kiganja chako. Na kila unapoushika, kumbuka lile shoka la Ansari na mkono uliolitia mpini.

Katika kushona, mafundi wetu hutumia uzi mmoja uliopakwa nta wenye sindano kila ncha. Sindano zote mbili hupita katika kila tundu, moja ikitoka huku na moja kule. Mshono wa namna hii ukikatika mahali pamoja haufumuki wote, kwa kuwa upande wa pili umeshika. Huo ni mfano mwema wa mke na mume, na wa jirani na jirani.

Jambo la mwisho katika khutba hii ni uaminifu. Sisi tuliwahi kununua viatu vilivyong'aa, tukaapiwa kuwa ni ngozi tupu. Mvua ya kwanza ilituonyesha ya kwamba ndani ya soli mlikuwa na karatasi ngumu. Hatumtaji aliyetuuzia, tunamwombea toba. Lakini kila fundi na akumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini ya ukavu, akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Ndani ya soli mnunuzi haoni, lakini Mwenyezi Mungu aona. Basi tia ngozi mahali pa ngozi. Na kama umetia plastiki, sema ni plastiki.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mola wenu.

Katika Idd el-Hajj iliyopita tulipita mahali palipochinjwa wanyama wa udhuhia. Nyama ilikuwa imegawanywa vizuri, alhamdulillahi. Lakini ngozi zilikuwa zimetupwa shimoni, nzi wamezijaa, na nyingine zimekatwakatwa kwa visu butu hata hazifai kitu. Na wengine waliwaambia wachinjaji, "Chukueni ngozi, ndio ujira wenu." Yote mawili ni makosa.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba katika Hija ya Kuaga Mtume (s.a.w.) alimwamrisha awasimamie ngamia wake wa dhabihu, agawanye sadaka nyama zao, na ngozi zao, na matandiko yao, wala asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ujira wake. Ujira wa mchinjaji hutoka mfukoni mwa mwenye kuchinja. Wala mwenye kuchinja hana ruhusa ya kuiuza ngozi ya udhuhia wake. Udhuhia wa sunna, ngozi yake aweza kuitumia mwenyewe au kuitoa sadaka. Na udhuhia wa nadhiri, ngozi pia hutolewa yote sadaka. Fakiri akishapewa, hiyo ni mali yake.

Basi tunakuusieni mambo matatu. La kwanza, noeni visu vyenu kabla ya Idd. Mtume ametuamrisha kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, kwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Na kisu kikali katika mkono mtulivu huiokoa ngozi pia. La pili, kila mtaa uweke tayari chumvi na mahali pa kivuli, na watu wawili watatu wa kuzipokea ngozi, ili zipewe mafundi masikini na wajane wenye kujua kazi, au zitengenezwe na vijana wanaojifunza. La tatu, kila chuo kimtafute fundi mmoja mzee, wa ngozi au wa chuma au wa mbao, awafundishe wanafunzi saa moja kwa juma kabla hajaondoka duniani na elimu yake. Na mwalimu asitabasamu wakati mtoto anapoitaja kazi ya babake.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu. Ewe Mola, ibariki mikono ifanyayo kazi, na uifanye mikono yetu kuwa mirefu katika sadaka. Warehemu mafundi waliotutangulia, waliotuvisha miguuni na wakatushonea Misahafu yetu, nasi hatukuwauliza majina yao. Wasamehe wazazi wetu na walimu wetu, waponye wagonjwa wetu, waongoze watoto wetu, wala usiwafanye wenye kuona haya kwa jambo usilolionea haya Wewe wala Mtume wako. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake atakuzidishieni. Inukeni tusimamishe Sala.